Waya wa Njano

Miaka minne yule mama wa Kijapani
alinisalimu kila nikiwasha gari.
Sikumwelewa. Nilimwitikia.
Ramani yake ilishikilia tupo Nagoya,
nasi tumeegesha Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani.

Leo Fundi Shekuwe kamng'oa kwa bisibisi na kisu cha mezani.
Nyuma yake: vumbi, sarafu moja ya yeni, tundu.
"Mwekundu huamka na ufunguo," alisema, waya menoni,
"wa njano haulali. Ukiukata, inasahau kila kitu."
Akaufunga utepe mara tatu.

Kioo kikawaka, kikauliza lugha.
Kidole changu kina mafuta ya bajia;
nikagusa Kiswahili,
kisha, fundi alipoinamia vifaa vyake,
nikagusa Kijapani.

Kikaandika.
Hakikusema neno.