Mlango wa Uani

Saa mbili asubuhi Kilatini, saa nne muziki,
chumba kilekile, ghorofa ya pili pale Mlimani,
maana sisi tu wanne na hakuna anayetugombania.
Kinanda kina kibonyezo kimoja kilichokufa, fa ya kati.
Mwalimu Rweyongeza hukiruka kama mtu arukavyo
dimbwi la mbele ya kwake: bila kutazama.

Mama aliuliza, Kilatini utamuuzia nani?
Na muziki je, si ndio huo mnaoimba bure kila Jumapili?
Nikasema nitapata kazi. Sikusema ipi.

*Canto, cantas, cantat.*
Naimba, unaimba, anaimba.
Mwalimu anagonga meza kwa penseli:
"Kwetu nafsi hupiga hodi mbele.
Warumi wageni wao huwapitisha mlango wa uani."
Basi mimi wa Kilatini ni ile *o* ya mwisho,
duara dogo, mdomo wa mtu aliyeshangaa,
na sharti uimbe neno zima
ndipo ujue nani alikuwa akiimba.

Tena kuna mkazo.
Kiswahili chetu hukanyaga silabi ya pili toka mwisho,
harusini, msibani, sokoni, hakiulizi.
Kilatini hupima kwanza; ikiwa nyepesi, kinarudi nyuma hatua moja.
Hilo nililishika kwa mguu wa kulia, chini ya dawati,
mpaka Anyosisye, mpiga tarumbeta, akanikanyaga kusudi
nitulie.

Halafu Jumapili, Manzese.
Baba yuko safu ya nyuma, besi, mwaka wa thelathini na moja,
fundi cherehani, miwani imefungwa uzi mweusi.
Kilatini alikipokea kwa sikio,
kama mtu apokeavyo chenji gizani.
Nikasikia amekosea. Penye *e* aliimba *a*,
na Bwana akageuka Bibi papo hapo,
mbele ya altare, mbele ya parokia nzima.
Lakini noti ilisimama palepale ilipotakiwa,
chini, pana, kama sufuria la msiba.

Nilikuwa na kalamu mkobani.
Nikaiacha.

Jioni, uani, akinyoosha shati la mteja kwa pasi ya mkaa,
ndiye aliyeuliza.
"Ule wimbo wetu wa Kwaresima. Unasema nini hasa?"
Nikamfasiria, mara nyingine nikianzia mwisho,
ndivyo lugha ile inavyotaka.
Pasi ikakaa juu ya kola mapigo manne. Matano.
"Kumbe tunaomba msamaha," akasema.
"Mimi miaka yote nilidhani tunasifu."

Akainua pasi, akaitazama alama ya kahawia.
Kisha akaanza upya, kwa sauti ya ndani,
na ile *a* yake ileile,
akimwomba Bibi amhurumie,
na mwisho kabisa wa sentensi,
kwa mlango wa uani, akatokea Mama:
"Nani anaunguza nguo huku?"