Ghorofa ya Tatu, Juu ya Duka la Dawa

Serikali ilipima hata muziki:
mapigo mia na ishirini kwa dakika, yasizidi,
mashine ya kukimbilia isivuke kilomita sita kwa saa,
tusije tukahemeana.
Nikafuta nyimbo zangu zote za kasi,
nikabaki na za mapenzi yaliyochacha,
na hapa Incheon watu sita wakachuchumaa, wakainuka,
kwa mwendo wa maharusi.

Mikeka kumi na minne ilikuwa sita.
Utepe wa manjano sakafuni, miraba,
kila mtu na nchi yake.
Mlangoni, bastola ya joto kwenye paji la uso,
kitabu cha majina, vikombe viwili vya kalamu:
safi; zilizoguswa.
Na barakoa. Juu ya pua, Bwana Pyo.
Juu ya pua, nimesema,
kidevu hakiambukizi mtu.

Miaka kumi na tisa nimefundisha kazi hii
na neno langu kubwa ni moja: pumua.
Nalitamka kama salamu,
sikuwahi kungoja jibu.
Nani angejua? Pumzi haina rangi.
Mtu hukutazama usoni, meno nje,
kumbe ameibana kifuani
kama noti ndani ya soksi.

Kisha kitambaa kikaja, kikasema yote.
Kinabonyea, kinavimba,
koo la chura usiku wa mvua.
Nikaanza kuwasoma.
Gyu-ri, mwanafunzi, huvuta kwa pupa, kama anayekopa.
Bi Hyeon-ju, muuguzi atokaye zamu ya usiku,
huvuta mara mbili ndipo atoe mara moja,
mabaki ya jambo tusilomuuliza.
Na Bwana Pyo, dereva wa treni mstaafu,
anainua kilo nane
na barakoa yake imesimama tuli,
pazia la nyumba iliyohamwa.

"Pumua!"
"Napumua."
"Kitambaa kinakataa."
Akacheka, na kicheko kikamlazimisha.
Naapa niliiona hewa ikiingia
mpaka mabegani.

Si kwamba niliipenda. Nisidanganye.
Miwani ilijaa ukungu, nyuma ya masikio palichubuka,
jasho lilijikusanya kidevuni, ladha yake supu ya jana.
Mara mbili nilitoka ngazini, nikaivuta chini,
nikala harufu ya kikaango cha jirani
kama mwizi.
Na kodi ya pango haikuvaa barakoa:
ilikuja uso mtupu, kila tarehe tano.

Jumanne moja, wimbo wa mwisho,
Bi Hyeon-ju alilala chali, viganja wazi,
barakoa yake ikaanza kulowa
kutoka juu.
Mita mbili kati yetu, na utepe.
Sikuuvuka.
Nikalala kwenye mraba wangu, nikamgeuzia shingo,
nikapumua kwa sauti,
polepole, chini kabisa ya mapigo yaliyoruhusiwa,
mpaka kitambaa chake
kikakifuata changu.

Siku hizi tunaingia na nyuso zetu.
Gyu-ri ana kidoti karibu na mdomo, nani alijua.
Utepe tumeubandua, gundi imebaki,
inanasa vumbi na nywele, miraba ile ile.
Mikeka ni kumi na minne. Nyimbo zinakimbia.
Nasema pumua,
wananionyesha meno.
Nami nazunguka katikati yao
kama aliyepoteza miwani yake humu ndani,
hadi mstari wa nyuma, kwa mzee mmoja
anayedai ni kwa ajili ya vumbi
(jino la mbele limemtoka, amemwambia Gyu-ri tu),
kilo kumi mikononi,
kitambaa cha buluu kilichochujuka
kinaingia,
kinatoka.