Bandari Kavu

Embakasi kuna bandari isiyojua chumvi.
Meli zake ni garimoshi, gati lake kokoto,
na mimi ni karani wa lango la pili:
naandika namba za makontena
yaliyoliwa kutu pembeni, yenye majina ya miji
ambayo nauli yake sina.

Jioni navuka reli kurudi Mukuru.
Huku maji yapo, bandari ndiyo haipo.
Mto Ngong unapita nyuma ya jiko letu,
Jumatatu zambarau, kiwanda kikipaka nguo rangi,
Alhamisi una povu.
Mwongeli anafulia humo mifuko ya nailoni
aiuze kwa kilo, na mikono yake
haijawahi kukauka tangu nimjue.

Ng'ambo ni hatua kumi na nne.
Kwamboka anaishi huko, mkopeshaji wangu wa unga.
Hodi yetu ni jiwe: narusha, bati linalia,
anatoka na mwiko mkononi, ananitukana kwanza.

Aprili mto ulikuja usiku, wenyewe haukupiga hodi.
Ulichukua godoro la Nyamweya, daftari za darasa la nne,
meza nzima, na juu ya meza jogoo
amesimama wima, kama anajua aendako.
Asubuhi tulimwaga mchanga kutoka kwenye redio.

Kisha wakaja watu wa kamba.
Mita thelathini kutoka ukingoni, wakasema,
wakachora alama nyekundu milangoni.
Kwamboka akauliza: "Ukingo upi?
Wa Machi, au huu wa Aprili?"
Mwenye kamba akatazama viatu vyake.

Siku hiyo kazini liliingia kontena la vigae.
Nikaandika: limepokelewa, halina jeraha,
safu ya saba, mstari wa tatu.
Sanduku likilala hapa bila mwenyewe
hutozwa faini. Halibomolewi.
Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea.

Tingatinga lilianzia upande wao.

Jana unga umeniishia.
Nikaokota jiwe, mazoea tu, nikarusha.
Bati halikulia. Tope lilisema *pwa*.
Nikabaki nimesimama, mkono bado hewani,
hadi sauti ikatoka gizani, juu kidogo ya pale,
nyuma ya turubai:
"We kipofu! Nimehama.
Rusha kushoto."