Sikio la Kulia

Siku ya kwanza wodini Sista Kerubo hakutupa sindano.
Alitupa chaki.
"Andikeni: kupima hali, kutambua shida,
kupanga, kutenda, kutazama tena.
Na mkifika mwisho, mwisho ni mlango wa kuingilia."
Tukaandika, kumi na wanne sisi,
viatu vyeupe bado vinanuka duka la River Road.

Kisha akauliza: uzima ni nini?
Omwoyo akajibu, kutokuwa na ugonjwa.
Sista akatazama dirishani, Ngong Road ikipiga honi,
akasema, "Mnaulizwa hujambo tangu mzaliwe.
Nani kati yenu amewahi kujibu: ninalo?"

Nikapewa kitanda cha kumi na moja.
Mutunga Ndolo, miaka hamsini na minane,
fundi wa masanduku, Kamukunji.
Sukari. Kidonda kwenye wayo wa kushoto,
kipana kama kifuniko cha soda,
kilichoanzishwa na kijipande cha bati
ambacho mguu haukukisikia.

Hujambo?
Sijambo.
Unaumwa wapi?
Alhamisi.
Asubuhi umekula nini?
Wanne, na mmoja yuko Machakos.

Nikaandika kwa mwandiko wangu wa mtihani:
*Mgonjwa amechanganyikiwa.*
Nikajiona muuguzi kamili.

Sista akasoma, hakunikemea.
Akachukua karai la kuogeshea,
akaliachia sakafuni, kushoto mwa kitanda.
Wodi nzima ikaruka.
Mutunga akaendelea kuchokonoa uzi wa blanketi.
Sista akazunguka upande wa pili, akainama, karai mkononi:
"Fundi, hili ungeliuza ngapi?"
"Mia mbili unusu. Lakini aliyekunja ukingo huo
alikuwa na njaa."

Miaka thelathini na mitano ya nyundo
ilikula sikio la kushoto,
ikaacha makombo katika la kulia.
Nikahamia huko. Mbona hukusema?
"Niseme nini? Huo si ugonjwa, hiyo ni kazi.
Kamukunji sote hatusikii, na tunaelewana.
Ugonjwa, binti, ni mkono huu
kulala juu ya shuka siku tisa
bila kugonga kitu."

Nikataka kufuta. Sista akanishika kalamu:
muuguzi hafuti.
Piga mstari mmoja, kosa lisomeke, tia sahihi.
Nikatia.
Chini yake: hasikii kushoto.
Hahisi wayo. Anaikosa nyundo.

Tukapanga, safari hii naye akiwemo.
Kidonda kisafishwe kabla ya chai.
Asirudi kazini na ndala.
Kila jioni autazame wayo kwa kioo,
macho yafanye kazi ya ngozi.
"Kioo nitakishikaje huko chini?" akauliza,
kisha akajijibu: "Nileteeni kopo la maziwa na koleo."
Adhuhuri nzima wodi ilisikiliza bati likipindwa.
Kikatoka kioo chenye mpini mrefu, ukingo umelazwa
hata kidole cha mtoto kisingekatika.
Katika fomu sikupata kisanduku cha kuliandika hilo.
Nikaliandika pembeni.

Usiku hosteli nikalivuta sanduku langu la bweni
kutoka uvunguni. Miaka yote ile
nilidhani vile vibonyeo vya nyundo ni mapambo.

Jumapili akaja mkewe, Kalekye, na uji kwenye chupa.
Akainamia sikio la kulia, akanong'ona sijui nini,
na neno likatimiza jina la upande wake:
fundi akalia, kidogo, akajipangusa kwa kiganja.

Mlangoni Kalekye akaniuliza anaendeleaje.
Kidonda kimejivuta upana wa ukucha.
Sukari ilishuka, jana ikapanda tena.
"Hajambo," nikamwambia.
Jambo analo. Ila sasa najua limelala upande gani.

Kesho saa kumi na mbili nitasimama kulia kwake
na kuuliza upya.