Muhtasari wa Kikao, Muyeye

Kikao kilianza saa tisa na robo, kwa sala.
Waliohudhuria: tisa. Wenye udhuru: wawili.
Ambao hawakuja wala hawakutuma neno
nimewaachia mstari mtupu.
Tangu matokeo yatangazwe, mistari mitupu imeyazidi majina.

Ajenda ya kwanza ilikuwa vioo.
Madirisha manne ya upande wa barabara,
na lile dogo la chumba cha mchungaji,
ambalo halikumkosea mtu.
Mawe thelathini na saba. Mama Mbodze aliyahesabu,
akayapanga ukutani kwa ukubwa, kama muuza viazi.

Sababu, kwa kuwa lazima iandikwe:
Jumapili moja mchungaji alimnyima mheshimiwa kipaza sauti.
Jumapili iliyofuata akamnyima mpinzani wake.
Basi hatujui mawe ni ya nani.
Wako wasemao ni ya pande zote mbili,
na kwamba ndilo jambo pekee waliloafikiana mwaka huu.

Shemasi Thoya alisimama. Tumechoka, alisema,
kupigwa sisi tunaokaa kimya.
Vijana wana mapanga ya kufyekea makaburi;
wayanoe, wakeshe nayo.
Watu wakaitikia, wengine kwa kugonga mabenchi.
Nami katibu niliitikia. Naandika ukweli:
kalamu ilinikaa vizuri mkononi, kama mpini.

Ndugu Muasya, aliyekuja Malindi na cherehani moja
miaka ishirini iliyopita na bado anaitwa mgeni,
alitazama viatu vyake.
Panga likishanolewa haliulizi
nani tuliimba naye Jumapili, nani ni wa bara.

Mama Mbodze hakusimama; magoti hayamruhusu.
Alisema: Usiku ule bustanini Petro alichomoa upanga.
Akakata nini? Sikio. La mtumwa wa watu.
Na Bwana, aliyekuwa na shughuli yake nzito usiku ule,
ikambidi kwanza ashughulike na sikio.
Hiyo ndiyo kazi mnayompa, alisema.
Kila mkimtetea, mnamwachia masikio ya kuokota.

Nje, adhana ya alasiri ikapita juu ya makuti.
Hakuna aliyenena mpaka ikaisha.

Iliamuliwa: mlango usifungwe.
Tukeshe kwa zamu, taa ikiwaka, mikono mitupu.
Shemasi Thoya alipinga; kupinga kwake kumeandikwa.
Usiku wa kwanza alikuja hata hivyo,
na chupa ya chai, amenuna.

Yaliyofuata hayakuwa ya kikao, ila nitayaandika.
Woga haukwisha. Kila tuktuk iliyopunguza mwendo
ilinitoa moyo, ukarudi wenyewe kwa kuchelewa.

Usiku wa tatu mvulana alisimama kizingitini,
mkono umefungwa kitambaa, umevimba, unanuka.
Kigae cha kioo, siku tano ndani ya nyama.
Zahanati wangemuuliza maswali.
Mama Mbodze alichemsha maji ya chumvi.
Muasya, ambaye macho yake yamezoea tundu la sindano,
alikitoa, Thoya akimmulikia tochi.
Kioo chetu. Nilikitambua kwa ukijani wake.
Mvulana hakuomba msamaha. Alikunywa chai,
akauliza kama sukari ipo zaidi.

Nilitaka kumzaba kofi, Mungu ananiona.
Namjua jina. Namjua mama yake,
namjua hata meza anayokaangia mihogo.
Nilikwenda nje nikasimama gizani
mpaka mikono yangu ikawa mikono tu.

Sasa dayosisi inataka ripoti, na polisi wanataka nakala.
Nimeandika: vioo vitano. Mawe thelathini na saba,
yaliyotumika kuziba shimo la njia ya chooni.
Gharama ya fundi, bado.
Na penye "Waliohusika" nimeacha mstari,
nao mtupu, lakini huu si wa asiyekuja.

Huyu alikuja.