Doa la Rangi ya Kucha

Skurubu kumi na mbili za oskiloskopu yako, fundi Shaame,
kila moja uliidondoshea tone la rangi ya kucha,
nyekundu, ya mkeo, wala hukumwomba,
isije ikazunguka yenyewe weye ukishaondoka.
Jana usiku nimezibandua kumi na moja.

Nisikilize kwanza, kisha unilaani.

Hapa Limbani umeme ulirudi saa tatu,
ule unaopita chini ya bahari kutoka Tanga,
ukifika Wete umeshachoka kama mgeni.
Nikaiwasha. Ikapata moto taratibu,
ikatoa harufu ya vumbi na karafuu,
maana miaka yote imelala stoo na magunia.
Kioo kimefifia. Nikajifunika kanga ya Bikombo,
mie na mtambo ndani ya guo moja,
maandishi ya kanga nikiyasoma kinyumenyume
kwa mwanga wa kijani usiotosha kutungia uzi sindano.

Nikailisha wimbi la mraba.
Unalijua: lipande wima, likate kona,
lende bapa, lishuke wima. Kama ukingo wa kanzu
iliyopigwa pasi na mtu mwenye hasira.
Lakini kila lilipofika juu likapitiliza,
likarudi, likapitiliza, likarudi kidogo,
kama sinia lililoponyoka kwenye sakafu ya saruji,
ngwi ngwi ngwi, mpaka lichoke.
Kwa macho tu, lakini. Chumba kimya.

Nikasema: uzee. (Ndivyo tusemavyo mafundi
tukiwa hatujui.)
Nikasema kapasita imekauka. Nikaibadilisha. Likalia.
Nikasema koili imelegea. Nikaigusa kwa njiti ya kiberiti.
Likalia.
Ndipo nikachukua bisibisi niliyoichonga kwa mpini wa mswaki,
nikaanza na doa la kwanza.

Robo mzunguko hapa. Nusu pale.
Mlio ukapungua, nikafurahi; ukazuka pembeni.
Doa la pili. La tano. Vipande vyekundu
vimenasa chini ya kucha zangu, mwanamme mzima.
Saa nane kona ikatulia, karibu kutulia,
nikasema alhamdulillahi,
nikajikuna shingo.

Kiwiko kikagusa waya mweusi wa ethi
na wimbi likacheza.

Nikakaa.
Nikausogeza kushoto: likacheza hivi.
Nikaukunja mkononi: likacheza vile.
Ule waya, fundi, niliuunga mie mwenyewe mwezi uliopita,
shibiri tatu, ili ufike popote bila kunisumbua.
Shibiri tatu baina ya ncha na ardhi,
humo ndimo mlio ulimokaa.
Mtambo wako haukuwa na ugonjwa.
Ulikuwa unanionesha nilichokishika.

Alfajiri nikavunja kalamu ya Mize
(atadai, nitamlipa mia tano),
nikatoa springi yake, nikaiviringisha shingoni mwa probu,
ardhi ikakaa ukucha mmoja kutoka kwenye ncha.
Wimbi likapanda. Halikulia.
Wala halikukata kona: lilipinda polepole,
kama bega la mtu aliyekemewa hadi akanywea.
Hiyo ndiyo kazi yangu ya usiku kucha.
Nilikuwa namfunza shahidi mkweli
kusema uongo unaolingana na wangu.

Sasa nazirudisha. Nafuata wekundu uliobaki,
nusu ya doa kwenye skurubu, nusu kwenye bati,
nazikutanisha kama anayeunga kikombe cha watu.
Nane zimekubali.
Mbili alama sizioni. Moja nabahatisha.
Ya kumi na mbili sikuigusa na sitaigusa,
sijui hata ina kazi gani.

Bikombo kauliza nani kafungua kichupa chake.
Nimenyamaza, brashi mkononi.
Rangi yake si kama ya mkeo, fundi; hii zambarau.
Si kitu. Atakayeufungua mtambo baada yangu
ataona wekundu, ataona zambarau,
ajue wapi pa kuanza kushuku.