Dole Gumba

Rupia kumi, bibi alizifunga kwenye pindo la mtandio,
fundo juu ya fundo.
Tulitoka Dhanipura alfajiri, kilomita kumi na moja za vumbi,
mimi nimebeba kalamu, yeye amebeba swali.

Karani Mangilal alikuwa anachovya biskuti kwenye chai.
"Daftari la mahudhurio? La kisima kipi?"
"Cha kijijini kwetu. Kile ambacho hakipo."
Akacheka. Biskuti ikakatika, ikazama.
"Hizi ni karatasi za serikali, Dhapu. Hujui hata kusoma. Za nini?"
Bibi hakuinua sauti:
"Nikinunua chumvi, nalipa kodi. Wino huo nimeuchangia.
Na sheria imekukataza kuniuliza za nini."

Maneno hayo alikuwa ameyarudia njia nzima
kwa pumzi za chini, hatua kwa hatua,
kama mtoto aliyetumwa dukani na anayeogopa kusahau.

Siku thelathini, inasema sheria.
Siku ya tisa faili liko mezani kwa mkubwa,
na mkubwa yuko harusini.
Siku ya kumi na saba ufunguo wa kabati umepotea.
Siku ya ishirini na sita, mchwa.
"Mchwa wenu wamesoma," bibi akasema,
"wanajua ukurasa upi ni mtamu."

Siku ya thelathini alikaa kizingitini tangu asubuhi.
Hakudai, hakulia. Alimenya njugu tu,
maganda akiyapanga mstari mmoja mlangoni,
na kila mwenye viatu vya ngozi ilibidi ayaruke.
Jioni nakala ikatoka: kurasa nne,
rupia mbili kila ukurasa,
zingali na joto la mashine.

Hatukufika nyumbani. Kituoni, chini ya taa, akasema:
"Soma."
Nikasoma waliochimba kisima.
Hukma, siku kumi na mbili.
(Hukma yuko Surat mwaka wa sita, kiwanda cha vitambaa.)
Pemli, siku kumi.
(Mwezi huo tumbo lake lilikuwa la miezi tisa.)
Rupa, siku kumi na moja.
Rupa hatumjui. Pengine ni ng'ombe.
Kisha ulimi ukanikwama.

"Soma, Sugna."

"Kesaram, mwana wa Jetha. Siku kumi na nne. Amelipwa.
Ametia dole gumba la kushoto."

Babu tulimwashia kuni za mwisho mwaka wa ukame,
misimu mitatu ya mvua kabla ya kisima hicho.

Bibi akainamisha kichwa. Nikadhani analia.
Alikuwa anahesabu.
"Siku kumi na nne mfululizo!
Alipokuwa hai hawakumpa hata saba.
Kumbe kazi ilimngoja afe."

Kisha akauvuta ukurasa hadi puani,
yeye ambaye herufi kwake ni nyayo za sisimizi,
maana alama ile aliweza kuisoma:
duara ndani ya duara, wino umevuja pembeni,
dole nene, zima, lililoshiba.

"La kushoto?"
"La kushoto, bibi."

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe
ilikula dole gumba la kushoto la babu
kabla baba yangu hajazaliwa.
Bibi mwenyewe alilizika nyuma ya zizi,
ndani ya kikopo cha tumbaku,
na usiku ule, alinisimulia, babu alimwuliza
kama mtu huzikwa kwa awamu.

Basi likaja. Likaondoka bila sisi.

Akafungua pindo la mtandio, fundo baada ya fundo.
Zilikuwemo rupia kumi nyingine. Kumbe alijua
kwamba jibu moja halitoshi.
"Kalamu bado unayo?"
"Ninayo."
"Andika.
Naomba kufahamishwa
dole hili ni la nani."